Jinsi ya kuwafundisha wahudumu wa usafi usalama kazini kwa kutumia simu

Wasimamizi wa usafi wanaotaka kuanzisha mafunzo ya usalama kwa njia ya simu huuliza maswali yale yale. Ninunue programu gani? Video iwe ndefu kiasi gani? Nimfanyeje asiyejua kusoma? Bando atalipa nani? Nitajuaje kama wameelewa, au wanabonyeza tu ili nisiwasumbue? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe, kuanzia stoo ya dawa za usafi hadi siku utakaposimama kando ukamtazama mtu akichanganya dawa na maji mbele yako bila kuhitaji kumsahihisha.

Ni wa msimamizi wa zamu, afisa usalama au mwenye kampuni ya usafi, awe na watu watano au mia tano, wanaosafisha ofisi, shule, hospitali, hoteli au soko. Huhitaji utaalamu wa kompyuta. Unahitaji kuijua kazi ya usafi, na kama huijui, kaa na anayeijua kabla hujashika simu.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuanza na programu. Mtu ananunua mfumo wenye masomo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi nyingine, anagawa nywila, na mwisho wa mwezi anapeleka ripoti kwamba wote wamefaulu. Wakati huo huo stoo kuna chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya choo, haina lebo. Anza na stoo. Programu itafuata, na huenda usihitaji yoyote zaidi ya zile zilizomo tayari kwenye simu za watu wako.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu janja moja yenye kamera inayoonyesha vizuri na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi video.
- Orodha ya kila dawa iliyopo stoo, kwa jina lililoandikwa kwenye lebo yake.
- Karatasi ya taarifa za usalama ya kila dawa. Mwombe muuzaji, anayo au anajua pa kuipata. Kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, karatasi hiyo ina sehemu 16. Huna haja ya kuzimeza zote. Soma ya 2 (hatari), ya 4 (huduma ya kwanza), ya 7 (namna ya kuitumia na kuihifadhi), ya 8 (vifaa vya kinga) na ya 10 (haipaswi kukutana na nini).
- Daftari la ajali la mwaka uliopita. Kama halipo, tenga saa moja ya kuzungumza na wahudumu, chai ikiwepo na daftari likiwa limefungwa.
- Mhudumu mmoja au wawili wazoefu ambao wenzao wanawasikiliza. Hawa ndio watakuwa sauti na mikono ya masomo yako.
- Vifaa vya kinga vyenyewe, vya saizi tofauti. Hakuna video itakayomfaa mtu ambaye glovu zake zimetoboka.
- Dakika 10 ndani ya saa za kazi, si baada ya zamu wala kwenye basi mtu akirudi nyumbani.
- Bando au Wi-Fi inayolipwa na mwajiri.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo watu hupenda kuyaruka, na ndiyo huua mpango mzima. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Bando ni gharama. Muda wa kupumzika nao ni gharama. Ukimwambia mtu ajifunze usalama wako kwa vocha yake, atakuwa na haki ya kutofungua ujumbe wako.

Hatua kwa hatua

1. Fungua stoo, uipige picha kama ilivyo.

Usitoe taarifa mapema ili ipangwe. Tazama chupa zisizo na lebo, dawa ya klorini iliyokaa bega kwa bega na dawa ya choo yenye asidi, waya wa mashine uliochunika, mpini wa mopu unaomlazimisha mtu kuinama, ngazi yenye mguu uliolegea. Kisha rekebisha kwanza. Hatari inayoweza kuondolewa iondolewe, isifundishwe. Ni makosa kutengeneza somo la "kuwa makini na waya uliochunika" wakati fundi angeubadilisha kwa nusu saa. Tenganisha asidi na klorini kwenye rafu mbili tofauti, andika lebo, badilisha mipini. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha kufundisha.

2. Chagua hatari tano, si hamsini.

Sehemu nyingi za usafi zinafanana kwa haya: kuchanganya dawa, kuteleza, kuchomwa na sindano au vioo vilivyomo kwenye taka, kuumia mgongo na mabega, na umeme au ngazi. Lakini fuata daftari lako. Kama kwenu watu wanaanguka zaidi ya wanavyoungua, anza na sakafu. Hospitalini anza na taka. Somo la kwanza liguse jambo ambalo wahudumu wenyewe wanalilalamikia, kwa sababu hilo ndilo litakalowafanya wafungue la pili.

3. Zijue simu za watu wako, na usiwaaibishe.

Ongea na kila mmoja peke yake. Ana simu janja au ya kitochi? Anashiriki simu na mtu mwingine nyumbani? Lugha gani inamkaa vizuri? Kuhusu kusoma, usiulize mbele ya watu "nani hajui kusoma?" Hakuna atakayenyoosha mkono, na utakuwa umemkosea mtu heshima. Uliza hivi: "Dada, ungependa nikutumie maandishi au sauti?" Jibu litakuambia yote.

Ukikuta hata mtu mmoja anapendelea sauti, tengeneza masomo yote kwa sauti na picha. Wanaojua kusoma hawatapungukiwa na kitu.

4. Andika somo la tendo moja.

"Usalama wa kemikali" ni kitabu kizima. "Kusafisha choo bila kuchanganya dawa" ndilo somo. Kila somo lijibu mambo matatu: nifanye nini, nikifanya tofauti kutatokea nini, na mambo yakiharibika nianzie wapi.

Chukua huo mfano wa choo, maana hapo ndipo mtu mwenye bidii huumia kwa sababu ya bidii yake. Mhudumu anamimina dawa yenye asidi ili kuondoa madoa ya manjano. Doa haliondoki. Anaongeza dawa ya klorini, ile wengi huiita jiki, akidhani mbili zina nguvu kuliko moja. Asidi ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo ni kidogo, mara nyingi hakina dirisha. Dawa ya klorini ikikutana na dawa yenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, hutoa kloramini, ambayo nayo huunguza macho, koo na mapafu. Hata mkojo uliolala una amonia, ndiyo maana klorini ikimwagwa moja kwa moja juu yake harufu hubadilika na kumkaba mtu.

Hayo yote huna haja ya kumwambia mhudumu. Anachohitaji ni maneno kama haya, yasemwe na mwenzake huku mikono ikionyesha:

"Wenzangu, choo kimoja, dawa moja. Leo natumia hii ya asidi, kwa hiyo chupa ya klorini inabaki kabatini, siibebi hata kwenye toroli. Nafungua mlango, nauwekea kizuizi usijifunge. Nimevaa glovu na miwani. Namimina taratibu kuzunguka ukingo, naacha kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, nasugua, navuta maji. Doa halijatoka? Narudia dawa ile ile, au namwambia msimamizi. Siongezi nyingine. Ukiona harufu inakukaba na macho yanatoa machozi, usijaribu kumalizia. Toka nje kwenye hewa, zuia wengine wasiingie, piga simu. Ndoo iache humo humo."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Mtu akishatoka salama, kinachomrudisha ndani mara nyingi ni ndoo, mopu au simu aliyoisahau kwenye sinki.

Masomo mengine yaandikwe kwa ukavu huo huo. Sakafu: piga mopu nusu ya korido, acha nusu kavu watu wapite; tangazo la sakafu iliyolowa liwekwe pande zote mbili kabla ya kumwaga maji, liondolewe sakafu ikikauka, maana tangazo linalosimama kutwa nzima watu huacha kuliona. Taka: mfuko usizidi robo tatu, usibanwe kwa mkono wala mguu, ushikwe shingoni na ubebwe mbali na mapaja. Mgongo: mpini wa mopu ufike usawa wa kidevu au juu yake kidogo, na unapogeuka zigeuze nyayo, usipinde kiuno.

*Angalizo:* usinakili somo kutoka intaneti ukalituma lilivyo. Dawa zake si zako, vipimo vyake si vyako, na mtu akiona chupa asiyoifahamu anahitimisha kwamba somo halimhusu.

5. Rekodi kwa simu, stooni na chooni kwenu.

Shika simu wima, kwa sababu ndivyo watakavyotazama. Mwanga uwe mbele ya anayefanya kazi, si nyuma yake. Kamera ifuate mikono. Uso unaweza usionekane kabisa, na wengi watakushukuru kwa hilo. Zima feni na mashine ili sauti isikike. Usiweke muziki. Sekunde 60 hadi 120 zinatosha. Ukipita hapo, ujue una masomo mawili ndani ya video moja.

Onyesha njia sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hupenda kuigiza kosa kwanza kwa sababu linachekesha, na baada ya wiki kinachokumbukwa ni lile kosa.

*Angalizo kubwa:* usichanganye dawa halisi ili kuonyesha hatari. Hata kidogo, hata nje. Kwenye maigizo tumia maji, yakiwa kwenye chupa safi ambayo utaiharibu baada ya kurekodi.

Kabla ya kurekodi, mwombe ridhaa anayeonekana au kusikika, na umweleze video itakwenda wapi. Kagua kilichopo nyuma: mgonjwa, mwanafunzi, jina la mteja, nyaraka mezani, namba za mlango. Video moja yenye mgonjwa kwa mbali inaweza kukufungia milango ya hospitali nzima. Ukimaliza, ipunguze ubora hadi mwonekano wa 480. Video ya dakika 2 kwa kiwango hicho kwa kawaida haifiki MB 20, na kwenye kioo cha simu kila kitu kinaonekana.

6. Pima kwa watu wawili kabla ya kutuma kwa wote.

Mpe simu mhudumu ambaye hakushiriki kurekodi, atazame mara moja, kisha mwombe afanye. Anapokwama, hapo ndipo somo lina tundu. Irekodi upya sehemu hiyo. Hatua hii huchukua dakika chache na hakuna sababu ya kuiruka.

7. Peleka somo mahali kazi inapofanyikia.

Tengeneza kundi la WhatsApp la masomo pekee, uweke mpangilio wa wasimamizi wa kundi tu kutuma ujumbe. Salamu, michango ya harusi na misiba viwe na kundi lao. Tuma somo moja kwa wiki, mwanzoni mwa zamu, na mtazame pamoja kabla ya kutawanyika. Mwenye kitochi atatazama kwenye simu yako, jioni mpigie umkumbushe kwa maneno yale yale, au mtumie ujumbe mfupi wenye sentensi moja: "Choo kimoja, dawa moja."

Kisha chapisha msimbo wa QR wa kila somo (ule mraba wa vidoti ambao kamera ya simu ikiusoma hufungua video) na uubandike pale pale: wa dawa za choo kwenye mlango wa kabati, wa mashine kwenye mpini wake, wa taka kwenye chumba cha taka. Ufunike kwa plastiki, la sivyo unyevu utaumaliza. Uchapishe mkubwa, urefu wa kidole cha kati kila upande, na uujaribu kwa simu ya bei ndogo kuliko zote ulizonazo kazini. Chini yake andika maneno mawili matatu na mchoro, kwa sababu msimbo peke yake haumwambii mtu chochote. Uelekeze kwenye faili unaloweza kulibadilisha baadaye bila kuchapisha upya.

Pale ambapo mtandao haufiki, na vyumba vya chini ya ardhi ndivyo vilivyo, pakia video zote kwenye simu moja ya zamani ikae stoo ikiwa na chaja. Haihitaji laini.

Usiishie kutuma mara moja. Tangu majaribio ya mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus, yaliyochapishwa mwaka 1885, inajulikana kwamba mtu husahau kwa kasi katika siku za mwanzo baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi kunapunguza hasara hiyo. Kwa hiyo rudisha somo lile lile kwa swali moja kesho yake, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi.

*Angalizo:* weka kanuni ya simu tangu siku ya kwanza. Hakuna kutazama video mtu akitembea, akiwa juu ya ngazi au akiendesha mashine. Na simu haishikwi kwa glovu za kazi; glovu iliyotoka chooni ikigusa simu, na simu ikigusa shavu, umemfundisha mtu usalama huku ukimpa maradhi.

8. Uliza maswali ya hali halisi.

"Je, ni muhimu kuvaa glovu? Ndiyo au Hapana" si swali. Kila mtu anajua unataka kusikia nini. Piga picha ya chupa isiyo na lebo ukiuliza: "Umeikuta hii kwenye toroli la mwenzako na zamu inaanza. Unafanya nini?" Weka majibu matatu ambayo kila moja linaweza kufanywa na mtu mwenye akili timamu: ananusa ili ajue, anaitumia kidogo kwanza, anaitenga na kumwita msimamizi. Jibu la kunusa litachaguliwa na wengi kuliko unavyotarajia, na hapo utajua somo lako lijalo.

Fomu yoyote ya bure ya mtandaoni inatosha kwa kazi hii. Kwa asiyesoma, tuma picha tatu zenye namba, ajibu kwa sauti. Maswali mawili au matatu basi. Alama zisibandikwe ukutani, zisiguse mshahara. Ukizigusisha mshahara tu, watu wataanza kupeana majibu na utabaki na takwimu nzuri zisizo na maana.

9. Itazame mikono.

Hapa ndipo mafunzo yanapothibitika, na hakuna programu itakayokufanyia. Ndani ya wiki moja baada ya kila somo, tembea na kila mhudumu kwa dakika tano. Mwambie: "Kaka, nionyeshe unavyochanganya dawa ya sakafu." Kisha nyamaza. Usimsaidie, usikohoe anapokosea.

Tuseme ni dawa ya klorini ya asilimia 5. Mchanganyiko wa asilimia 0.5, unaotumika kwenye damu iliyomwagika, ni kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 9 vya maji. Ule wa asilimia 0.1 kwa meza, vitasa na sakafu ni kipimo 1 kwa vipimo 49. Tazama haya: Je, amevaa glovu na miwani kabla ya kufungua chupa au baada? Ametanguliza maji, kisha dawa, ili isimrukie? Maji ni ya baridi? Maji ya moto huidhoofisha klorini. Amepima kwa kikombe au kwa macho? Amefunga chupa kabla ya kuendelea? Ameandika tarehe kwenye chupa ya mchanganyiko? Mchanganyiko huo hupoteza nguvu, hivyo utengenezwe upya kila siku.

Ukiona amepima kwa macho, tazama kama kikombe cha kupimia kipo. Mara nyingi hakipo, au kimebebwa na zamu nyingine, au mistari yake imefutika. Basi tatizo si la mhudumu, na kumtumia video nyingine ni kumwonea. Nunua vikombe, kimoja kifungwe kwa kamba kwenye kila kabati.

Andika ulichoona siku hiyo hiyo: jina la kazi, kilichofanyika vizuri, kilichokwama, kifaa kilichokosekana. Ukurasa mmoja wa maandishi hayo una thamani kuliko rundo la vyeti.

10. Fungua njia ya kuripoti yale yaliyonusurika.

Mtu ameteleza lakini hakuanguka. Sindano imetokeza kwenye mfuko lakini haikumchoma. Hayo ndiyo maonyo ya bure, na kwa kawaida watu hufunika kombe ili wasionekane wazembe. Waambie watume picha na sauti kwako binafsi, si kwenye kundi. Jibu ndani ya zamu hiyo hiyo, hata kama ni "nimepokea, fundi anakuja saa nane". Ripoti tatu zisizojibiwa zinatosha kuiua njia hii.

Wahakikishie pia kwamba anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa ya papo kwa papo hataadhibiwa. Mkataba ule ule namba 155 unamlinda katika kifungu cha 13. Lirekodi hilo kama somo, likisemwa na mkuu wa kazi kwa sauti yake mwenyewe.

11. Pitia masomo kila baada ya miezi mitatu, na siku yoyote dawa mpya inapoingia stoo.

Futa video za dawa mlizoacha kutumia. Dawa mpya isitoke stoo kabla somo lake halijatazamwa.

Yale ambayo hayasubiri video

Mtu akiwa na dawa jichoni hawezi kufungua simu. Mambo haya matatu yachapishwe kwa herufi kubwa na michoro, yabandikwe karibu na bomba, na yafanyiwe mazoezi kwa vitendo:

- Dawa jichoni: maji safi yanayotiririka angalau dakika 15, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali ukiwa na chupa au picha ya lebo.
- Sindano imekuchoma: osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa na uende hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B; anayeshika taka za hospitali alipaswa kuipata kabla ya kuanza kazi.
- Dawa imemezwa: usimtapishe. Piga simu ya dharura, umsomee anayepokea jina la dawa kwenye lebo.

Hakikisha namba za simu zimeandikwa pale pale, na kwamba mtu anaweza kuzipiga usiku hata kama simu yake haina salio.

Mambo yakikwama

*Hawafungui video.* Angalia muda uliotuma na nani analipia bando. Kama hayo yako sawa, mbadilishe msemaji. Sauti ya mwenzao husikilizwa kuliko ya ofisi.

*Wanafaulu maswali lakini kazini hakuna kilichobadilika.* Rudi hatua ya 9. Kwa uzoefu wa wengi, kinachozuia ni kifaa au muda. Mtu aliyepewa vyoo thelathini kwa saa mbili hawezi kuiacha dawa dakika 10 kama lebo inavyosema. Hapo kinachohitaji kurekebishwa ni ratiba, na wa kuirekebisha ni wewe.

*Mama mmoja mtu mzima hajazoea simu kabisa.* Mpatie mwenzake wa kutazama naye, mtu ambaye yeye mwenyewe amemchagua. Usimpe kijana atakayemharakisha. Na mwombe yeye awe msemaji wa somo moja. Aliyefanya kazi hii miaka mingi ana ya kusema.

*Mteja haruhusu simu kwenye jengo lake.* Mtazame stoo mwanzoni mwa zamu, kisha simu zibaki kwenye makabati. Michoro ya ukutani ifanye kazi iliyobaki. Omba kibali cha maandishi cha kubandika.

*Watu wapya kila wiki.* Chagua masomo matatu ambayo hakuna anayeshika ndoo kabla ya kuyaona: dawa, taka, sakafu. Mengine yafuate ndani ya wiki ya kwanza. Mtu wa zamu moja tu naye anahesabika. Hatari haimuulizi kama ni kibarua.

*Ripoti zimeongezeka tangu tuanze, mkuu ana wasiwasi.* Mwonyeshe aina za ripoti. Kama yaliyonusurika yanaongezeka huku majeraha hayaongezeki, watu wameanza kusema kilichokuwepo siku zote. Kama majeraha yenyewe yanaongezeka, simamisha masomo mapya na urudi stoo na daftari, mkague upya hatua ya 1 pamoja na wahudumu.

*Mkuu anataka vyeti.* Mpe, lakini saini ya cheti itokane na hatua ya 9, si alama za simu.

*Wahudumu wanazungumza lugha tofauti.* Rekodi picha mara moja bila maneno, kisha weka sauti juu yake kwa kila lugha. Anayetafsiri awe mhudumu, kwa sababu majina ya dawa na vifaa wanayotumia wao kwa wao sio yaliyo kwenye kamusi. Kila toleo lipimwe tena kwa watu wawili kama kwenye hatua ya 6, na msimbo wa kila lugha uwe na rangi yake ukutani.